Ulimi wa Muuguzi

Mwezi uliopita niligombezwa kliniki. Nilikwenda kupimwa presha, kama ninavyokwenda kila mwezi tangu nistaafu, na siku hiyo kadi yangu niliiacha juu ya kabati, chini ya miwani, mahali ambapo niliiweka makusudi ili nisije nikaisahau. Muuguzi aliyekuwa mezani, binti ambaye kwa umri ni sawa na mjukuu wangu wa kwanza, aliniuliza kadi iko wapi, na nilipomwambia kwamba imebaki nyumbani akapandisha sauti mpaka benchi zima likageuka: "Bibi, kila siku tunakwambieni mje na kadi! Mimi nitajuaje unatumia dawa gani? Hamsikii nyinyi!" Nikamtajia dawa zangu zote, kwa majina na vipimo vyake, naye akaandika bila ya kuniangalia. Nilitoka nje uso umenipata moto, nikakaa chini ya mwarubaini kungojea moyo utulie, maana presha aliyonipima baada ya maneno yale haikuwa presha yangu ya kila siku.

Kilichonikalisha pale kwa muda mrefu hakikuwa hasira. Maneno ya binti yule nilikuwa nayajua neno kwa neno, pamoja na ile "hamsikii nyinyi" ya mwisho. Yalikuwa maneno yangu.

Nilizaliwa Pemba mwaka 1959. Uuguzi niliusomea Unguja, wakati Hospitali ya Mnazi Mmoja ilipokuwa ikiitwa V. I. Lenin, na mwaka 1981 nikarejea kisiwani kwetu kwa meli nikiwa na sanduku la bati, sare mbili nyeupe na yakini kubwa mno kwamba ugonjwa wa kwanza wa watu wetu ni ujinga. Nilifanya kazi ya uuguzi wa afya ya jamii mpaka mwaka 2019 nilipotimiza miaka 60. Watu wengi hudhani kwamba muuguzi ni muuguzi tu, lakini kazi ya wodini na kazi yetu ni vitu viwili. Mgonjwa humtafuta muuguzi mwenyewe, na akishaumwa vya kutosha atakubali hata sindano mbili kwa pamoja. Sisi tulikuwa tukiwafuata watu wazima wa afya, na mtu mzima wa afya ana shughuli zake: ana mpunga wa kupalilia, ana samaki wa kuuza kabla hawajaoza, na mtoto wake anacheka mgongoni, hivyo haoni kwa nini asubuhi yake nzima iishie kwenye foleni.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa na vyumba vitatu, kisima nje, na jokofu moja la mafuta ya taa ambalo lilininyima usingizi kuliko mtoto mchanga. Waliokulia kwenye umeme huenda hawajapata kuliona jokofu la namna ile. Chini yake mna tangi dogo la mafuta lenye utambi, na juu ya utambi hupanda dohani nyembamba kwa upande wa nyuma. Moto huchemsha amonia iliyochanganyika na maji ndani ya mabomba, na mzunguko wa amonia hiyo ndio unaovuta joto la ndani na kulitoa nje. Bibi mmoja wa jirani aliniambia nisimfanye mtoto, kwani moto haujawahi kufanya barafu tangu dunia iumbwe. Nikamfungulia mlango, akatia mkono, akautoa upesi, akasema "Audhubillahi" na kuondoka bila ya kuniaga.

Mwali wa jokofu lile ulitakiwa uwe wa buluu. Ukigeuka wa manjano ujue utambi umeungua upande, masizi yameanza kuziba dohani, na kabla ya alfajiri chanjo zako zitakuwa zimepata joto. Jokofu lenyewe ilikuwa lazima lisimame sawasawa, kwa sababu likiinama kidogo tu mzunguko wa mle ndani husimama, hivyo nilikuwa nikiweka juu yake sahani ya maji na kuinamisha macho mpaka usawa wake kutazama kama maji yamelala. Joto lilitakiwa lisishuke chini ya nyuzi 2 wala lisipande juu ya nyuzi 8, na lilisomwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ikiwamo siku ya Idi. Mafuta ya taa yalikuwa adimu miaka ile, na dumu la kituo nililiweka chini ya kitanda changu, kwani nilijua kwamba hata mtu mwema huweza kulitamani usiku wa giza. Mwaka 2010 Pemba ilipofikishiwa umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, wengine walishangilia televisheni na feni, mimi nililia kwa ajili ya utambi. Hata leo, nikifungua jokofu langu la nyumbani ambalo halina zaidi ya changu wawili na maji ya kunywa, jicho hutafuta kwanza kipimajoto.

Wala joto halikuwa adui pekee. Chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda ikiganda kwa baridi huwa imekufa, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana nzima, kwa hiyo tulifundishwa kuichunguza kwa kutikisa. Unachukua chupa unayoitilia shaka na nyingine iliyogandishwa kwa makusudi, unazitikisa pamoja, unaziweka mezani na kungoja. Iliyoharibika hutuama haraka, na ukiiangalia kwenye mwanga utaona vipande vyeupe vikishuka kama maziwa yaliyokatika. Nimewahi kumwaga sanduku zima kwa ajili ya vipande hivyo, na sikuona tabu. Mambo ya jokofu niliyaweza. Nililoshindwa nalo ni jengine.

Kila Jumatano tulikuwa na huduma ya mkoba, yaani kituo kinawafuata watu badala ya watu kukifuata kituo. Nilipanda baskeli na kisanduku cha chanjo chenye barafu kikiwa kimefungwa nyuma kwa mpira, mpaka kijiji cha tatu au cha nne, na huko sheha, kiongozi wa eneo, alikuwa ameshapiga mbiu tangu jana yake. Mizani tuliitundika kwenye tawi la mwembe, mtoto akavishwa kisuruali cha kitambaa chenye kamba na kuning'inizwa, miguu ikipiga hewani, huku mama yake akiishika mishale miwili kwa macho: mshale wa mizani na mdomo wangu. Kwa maana mimi uzito sikuuandika tu, niliutangaza. "Kilo sita na nusu! Mama, mtoto huyu humpi chakula? Mwangalie mwenzako hapa, wa umri mmoja huyu!" Nilidhani kwamba aibu ni dawa, na kwamba mwanamke akiona haya mbele ya wenzake atakwenda nyumbani kupika uji wenye karanga. Sikujiuliza karanga atazipata wapi, wala sikujiuliza kwa nini wale wa kilo sita na nusu walikuwa hawarudi mwezi uliofuata.

Wasiorudi tulikuwa na jina lao katika daftari: watoro. Ni neno la mwanafunzi anayeikimbia skuli, na lilitukaa mdomoni kiasi kwamba hakuna aliyelifikiria. Nilipopangiwa upande wa Kojani niliandika watoro kurasa kwa kurasa. Wakojani ni wavuvi, na mvuvi wa Kojani hafungwi na kisiwa chake. Huenda dago, akapiga kambi pwani ya mbali kwa wiki nyingi au miezi, na wapo waliofuatana na wake zao na watoto. Chanjo zetu zilitaka mtoto aonekane mara tatu, wiki chache baina ya moja na nyingine, halafu surua akitimiza miezi 9. Sisi tulihesabu wiki, wao walihesabu maji ya bahari, bamvua na maji mafu, na mwanamke aliyerudi na mtoto wa miezi saba aliyekuwa na chanjo moja tu nilimkaribisha kwa hotuba. Hotuba zangu zilikuwa nzuri. Walizisikiliza hadi mwisho, wakasema "haya, dokta", na safari iliyofuata wakapita na mashua yao upande wa pili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike haya.

Ulikuwa msimu mkubwa wa karafuu. Aliyeishi Pemba anajua kwamba msimu ukija kila mkono una kazi, mchana kuchuma, usiku kukaa juu ya jamvi kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, na mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo saa aliyoipoteza chini ya mwembe wangu ni pishi aliyoikosa. Kliniki ya siku hiyo ilikuwa na kina mama wachache mno. Jua lilipokuwa limeshakaa utosini, nikiwa nafunga kisanduku, akaja mwanamke mmoja mbio mbio, vidole vimekuwa vyeusi na nguo inanuka karafuu, na mtoto wa miezi tisa na kitu mgongoni. Kadi aliyonipa ilikuwa imelowa mvua na kukauka mara nyingi, wino umetawanyika, imekunjika mara nne na kuchanika kwenye kunjo. Nikaiinua kwa vidole viwili ili wote waione, nikamuuliza kama kadi ya mwanawe ndiyo anayofutia majungu. Wenzake wakacheka.

Alikuwa amefuata chanjo ya surua. Chanjo hiyo huja ikiwa unga mkavu katika chupa ya dozi kumi, na ikishachanganywa na maji yake hufaa kutumika kwa saa sita tu, kisha zilizobaki hutupwa. Mtoto alikuwa mmoja. Kufungua chupa kwa mtoto mmoja ilikuwa na maana ya kumwaga dozi tisa na kuziandika katika ripoti kuwa zimepotea, na mimi nilikuwa na sifa ya kutopoteza. Nikamwambia aje Jumatano ijayo, na aje mapema kama wenziwe. Akasema "haya, dokta", akaichukua kadi yake, akaikunja tena mara nne.

Hakurudi Jumatano ile, wala iliyofuata. Miezi kadhaa baadaye surua ikaingia, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba na matone ya vitamini A, kwa sababu surua huimaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini na mtoto aliyekuwa nayo kidogo huweza kupofuka kwa siku chache tu. Nyumba yake niliifikia siku ya tatu. Mtoto alikuwa amelazwa ndani gizani, macho yamegandamana kwa usaha, na nilipoyaosha kwa maji ya chumvi na kuyafungua, moja lilikuwa limeshaingia utando mweupe. Alipona, Alhamdulillahi. Jicho halikurudi. Mama yake hakunilaumu kwa neno lolote. Alinivutia kigoda, akaniuliza kama nitakunywa maji.

Kijana yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Tukikutana njiani hunisalimu, "Shikamoo, dokta," nami huitikia marahaba nikiwa natazama chini, kana kwamba natafuta pa kukanyaga. Niliwahi kumweleza mkubwa wangu mmoja wa kazi, akaniambia nisijitese, kwani nilitunza mali ya serikali. Jibu hilo lilinitosha kwa muda wa wiki moja hivi. Baadaye mwongozo ulikuja kusisitiza kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini kwa haki ya Mungu mwongozo haukuwa kosa langu kubwa. Angekuja Jumatano nyingine kama nisingewachekesha watu juu yake.

Aliyenifundisha kazi upya alikuwa mkunga wa jadi, mama mtu mzima ambaye nusu ya watu wa kijiji kile walianza kuguswa na mikono yake. Vyeti vyangu havikumshughulisha. Siku moja tulipokuwa tukitoka pamoja katika nyumba ambayo mwenyewe wake alikataa hata kunitolea mtoto nje, alisimama njiani akaniambia: "Mwanangu, wewe unaingia na kalamu mbele." Akanitaka nifuatane naye nyumba ya pili, nikae kimya. Alipiga hodi tatu kwa kuachanisha, akaingia, akakaa kwenye mkeka. Akauliza hali ya mguu wa mzee wa nyumba. Akauliza kama mbuzi amezaa. Akamchukua mtoto, akampakata na kumnusa kichwa, akamsifu, akasema Mashaallah ili sifa isidhuru. Mama wa mtoto alikuwa jikoni, na mazungumzo yote yalikwenda kwa bibi mzaa baba, kwa sababu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, jambo ambalo mimi katika miaka yangu yote ya kuzungumza na kina mama peke yao sikuliona. Kadi haikutajwa mpaka tulipokuwa tunavaa viatu. Bibi mwenyewe ndiye aliyeitaja.

Nilianza kufanya hivyo, kwa ugumu, maana njia hiyo hula wakati na idadi ya nyumba kwenye ripoti hupungua. Ikanibidi pia nijifunze kusikia sababu za watu badala ya kuzirekebisha. Kwa mfano degedege. Wazee wetu walikuwa wakiamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa, na mimi nilikuwa nikiwaambia huo ni upuuzi. Lakini nilipokaa na kuwasikiliza nikaona kwamba walikuwa wakieleza walichokiona kwa macho: malaria ilikuwa imeshapanda kichwani, mtoto amezungushwa kwa waganga siku mbili, analetwa kituoni pumzi za mwisho, anachomwa sindano ya kwinini, na saa ile ile anafariki. Nani asingeiogopa sindano hiyo? Tangu hapo sikushindana tena na kombe, ile dawa ya aya zilizoandikwa na kukoshwa kwa maji, wala na mwalimu aliyeliandika. Nilisema mtoto aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, hata maji matupu, kwa kuwa yatamwendea mapafuni. Kombe lake apakwe, na kupakwa kunaweza kufanyika huku tukiwa njiani kwenda hospitali. Bibi walikubali. Wengine walipanda nyuma ya baskeli yangu na chupa ya kombe mkononi.

Kuhusu malaria wazee walikuwa na somo jengine ambalo wataalamu wengi vijana hawakulijua. Kati ya mwaka 1958 na 1968 visiwa vyetu vilikuwa na kampeni kubwa ya kuitokomeza, nyumba zikapuliziwa dawa, ugonjwa ukashuka sana. Kampeni ikasimamishwa na malaria ikarudi kwa nguvu. Kwa hiyo mwaka 2006 tulipokwenda na vyandarua vyenye dawa na wapuliziaji wakaanza kutoa watu vitanda nje, mzee mmoja aliniuliza: "Na nyinyi mtachoka lini?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Miaka mitatu nyuma tulikuwa tumeshaanza kutoa dawa mseto ya atesuneti na amodiakwini badala ya klorokwini, ile iliyowawasha watu mwili mzima mpaka wakaitia mfukoni na kutuambia wameimeza. Mambo hayo yalipokwenda pamoja, malaria ilipungua hata ikawa ukiwapima watu 100 humpati mmoja. Nilikaa mwaka mzima kituoni bila ya kuletewa mtoto wa degedege, na nikagundua hilo siku nilipokuta buibui ametanda juu ya mtungi wa hewa.

Lakini lililonivunja kiburi kuliko yote ni vidonge vya madini ya chuma. Watoto wa Pemba walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, kwa malaria, kwa safura na kwa chakula, na sisi tuliona ni wazi kwamba anayekosa chuma apewe chuma. Utafiti mkubwa ukafanyika hapa hapa kisiwani, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, na mwaka 2003 sehemu ya madini ya chuma ikalazimika kusimamishwa, kwani watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa wakilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na ushauri wa dunia nzima juu ya kuwapa chuma watoto wa sehemu zenye malaria nyingi ukabadilishwa kwa sababu ya watoto wa Pemba. Niliposomewa habari hiyo niliwafikiria kina mama wote niliowahi kuwapigia kelele juu ya jambo moja au jengine kwa yakini ya mtu asiyekosea.

Mwaka 2009 nilikwenda kusini mwa Pemba kusaidia chanjo ya kipindupindu, ile ya kunywa, iliyotolewa Unguja katika shehia za Chumbuni na Karakana, na huku kwetu Mwambe, Kengeja na Shamiani. Dozi zilikuwa mbili, Januari na Februari. Unamimina unga kwenye kikombe cha maji, unatoa povu kama soda, unatia chanjo, mtu anakunywa mbele yako. Watoto waliipenda, wakarudi kuomba tena. Wajawazito hawakutakiwa kupewa, kwa kuwa wakati ule usalama wake kwao ulikuwa haujulikani, hivyo kila mwanamke ilibidi aulizwe. Mwenzangu kijana alikuwa akiuliza kwa sauti, mezani, mbele ya mashemeji na majirani: "Una mimba?" Mwanamke gani wa Pemba atajibu ndiyo, ikiwa mimba ina wiki nane na mume mwenyewe hajaambiwa? Walijibu hapana, wakanywa. Nilivuta kiti changu pembeni, nyuma ya mlango wa skuli, nikawa nawaita mmoja mmoja na kuuliza kwa sauti ya kawaida siku zake zimekuja lini, na mstari wangu ukawa mrefu kuliko wa wote. Wanawake waliokunywa wakiwa na mimba walifuatiliwa baadaye, na uchunguzi haukuonesha madhara juu ya mimba zao. Mungu alitusitiri.

Ya kichocho nisiyaandike kwa kirefu, ila niseme kwamba kwa miaka mingi tuliwakataza watu kuingia mtoni, tukawaonesha picha za konokono, tukawapa wanafunzi prazikwanteli kwa kipimo cha kijiti cha urefu, wakatapika kwa uchungu wake kama hawakula kitu, kisha mchana wake wakarudi mtoni kwa sababu mfereji haukuwapo. Kumgombeza mtu anayefua nguo mahali pekee penye maji nako nilikufanya.

Kiinua mgongo changu kilimaliza paa na kikachimba kisima. Magoti, ambayo baskeli iliyatumia vizuri, sasa yananiamsha kabla ya adhana. Mchana hukaa barazani nikisuka ukili, na watu hupita na mambo yao: mtoto ana homa, mshono wa uzazi unauma, binti ameanza dawa za uzazi wa mpango na hataki mama mkwe ajue. Huwatazama, na wengi huwaambia waende kituoni. Jibu ninalolipata mara nyingi ni moja: "Nitakwenda, lakini nikukalie wewe kwanza uniambie la kusema, maana huko watanigombeza."

Nilipokuwa chini ya ule mwarubaini nilimtazama binti yule kupitia dirishani. Alikuwa peke yake. Alipima presha, akaandika katika daftari tatu, akatoka kwenda chumba cha pili kumchoma mtu sindano, akarudi, akakuta watu wamebadilishana nafasi na wanabishana. Nilihesabu watu 31 kwenye mabenchi, na wengine walikuwa wakishuka garini. Katika miaka yangu 38 nakumbuka vizuri semina za jokofu, za takwimu na za sindano. Sikumbuki siku niliyoulizwa na mtu yeyote kama nimekula.

Nilirudi ndani wakati foleni imepungua. Akadhani nimekuja kulalamika, akajikaza uso. Nikamsalimia kwa kumwita mwanangu, nikamuuliza kama ameshakunywa chai.

"Bado, bibi," akasema. Ilikuwa saa nane mchana.

Alkhamisi hii nina miadi yangu ya mwezi. Kadi nimeshaitia ndani ya mkoba tangu jana, na asubuhi nitapita na chupa ya chai ya tangawizi na mikate miwili ya kumimina.